Alichoongeza Ramla

Kwenye karatasi ya ajira, Ramla ni msafishaji. Karatasi inasema atapiga deki, atamwaga taka, atafua mapazia, na atafanya kazi nyingine yoyote atakayoelekezwa na mkuu wake. Hayo ya deki na mapazia hayakumsumbua kamwe. Iliyommaliza ni hiyo kazi nyingine yoyote.

Kila Alhamisi, chumba cha mwisho cha hospitali moja ya Garsen, karibu na mto Tana, kilichokuwa stoo ya vyandarua, hugeuka kliniki ya saratani. Daktari Lorna hufika saa tatu asubuhi kutoka pwani akiwa na faili zake na chupa yake ya maji, na hukuta benchi limejaa tangu alfajiri. Yupo Mpokomo wa Kulesa na vivimbe vyake shingoni, Muorma aliyeacha ng'ombe delta, mama wa Kigiriama, Msomali aliyeletwa na wanawe wanne ambao hakuna hata mmoja anayetaka kukaa karibu na mlango. Daktari ana Kiswahili kizuri cha shuleni na Kiingereza kizuri zaidi. Benchi lina lugha tano. Na mgonjwa mmoja kati ya watatu ana Kiswahili cha kununulia sukari, si cha kuulizia kama atakufa.

Ramla alizaliwa na wafugaji wa Kisomali, akachunga mbuzi pamoja na watoto wa Kiorma, akaolewa Kulesa kwa Wapokomo na kuachika huko huko baada ya miaka sita. Ndoa ile haikumwachia mtoto wala shamba, ila ilimwachia lugha. Kwa hiyo muuguzi Swaleha, Mpokomo mwenye mdomo usiopumzika, alipomwita siku ya kwanza miaka minane iliyopita, alimwambia tu: "Dada, egemeza hilo fagio hapo, uje utuokoe." Tangu siku hiyo fagio huegemezwa nyuma ya mlango kila Alhamisi saa tatu, na Ramla hujifuta mikono kwa khanga na kusimama kati ya daktari na mgonjwa. Mshahara haukujua lolote juu ya mabadiliko hayo.

Ukutani pana bango la njia za matibabu, lenye picha tano na Kiswahili ambacho hakuna mtu wa Tana anayekizungumza. Ramla alilijua kwa moyo kama mtoto wa chuo anavyojua juzuu. Njia ya kwanza ni upasuaji, na kwa huo unakwenda Mombasa. Ya pili ni mionzi, na kwa hiyo pia unakwenda Mombasa, siku tano kwa wiki, wiki tano, ukijua pa kulala. Ya tatu ni dawa za dripu, nazo hutolewa papa hapa kila baada ya siku ishirini na moja, zikiwapo. Ya nne, kwa wenye saratani ya koo la chakula, ni kijibomba cha nyavu za chuma kinachopachikwa pale palipoziba ili chakula kipite. Ya tano ni kutunzwa nyumbani na kupunguziwa maumivu. Hii ipo kila mahali, na ndiyo pekee isiyohitaji barua ya rufaa.

Hizo zote Ramla alizisema vizuri. Kasoro yake ilikuwa mwishoni. Daktari Lorna, mtu wa maneno machache, alikuwa akimaliza na "tutajaribu." Ramla akifika hapo alisema: daktari anasema utapona, inshallah. Daktari akisema ugonjwa umesambaa, Ramla alisema kuna kidonda ndani na kinahitaji subira. Jina la ugonjwa hakulitaja mbele ya mgonjwa hata siku moja. Kwao halitajwi. Anaambiwa mwana mkubwa, nje, kando ya ukuta, naye huitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya dume mzee, kisha hurudi ndani akiwa na uso wa kawaida. Anayekufa ndiye wa mwisho kupewa habari za kifo chake, na mara nyingi hazimfikii.

Daktari si mjinga. Kuna siku aliuliza inakuwaje yeye aseme maneno matatu na mgonjwa apokee thelathini. Ramla akamjibu kwa adabu kwamba Kisomali ni lugha ndefu. Swaleha alilazimika kutoka nje akakohoe.

Hakujiona mwongo. Inshallah aliiweka mwishoni mwa kila sentensi, na aliamini kwamba neno hilo hubeba mzigo wote uliotangulia. Tena watu walimshukuru. Mzee mmoja wa Kiorma aliambiwa kwamba atapona, akaondoka siku hiyo hiyo kufuata ng'ombe wake malishoni, akafia huko mwezi wa pili, bila wasia, na wanawe wakagombana hata wakafikishana kwa chifu. Walipopatana walikuja Garsen kumpa Ramla mkono wa asante kwa jinsi alivyomtuliza baba yao. Walimletea maziwa. Aliyanywa, ingawa hayakushuka vizuri.

Halafu ikafika zamu ya mama yake.

Ardo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno ya kupimwa. Alimjua ng'ombe mgonjwa kwa namna anavyosimama, na mtu mwongo kwa namna anavyokaa. Alikuja mjini kwa bintiye akilalamika kwamba nyama haishuki, kisha ugali haushuki, kisha hata wali. Alipelekwa kupimwa kwa kamera, akakatwa kipande kidogo cha nyama kooni, majibu yakarudi baada ya wiki tatu. Ramla aliyafungulia mlango majibu hayo kama alivyowafungulia wengine wote. Aliegemeza fagio, akajifuta mikono.

Kaka yake, Abdiaziz, mfanyabiashara wa mifugo mwenye tumbo la mtu anayeuza vizuri, alikuwa akimsubiri kando ya ukuta. "Ukimtajia, umemuua kabla ya ugonjwa," alimwambia. "Wewe mwenyewe umewaficha wangapi? Leo mama yako ndiye wa kufanyiwa majaribio?" Kaka yake alikuwa akimrudishia kazi yake mwenyewe ya miaka minane.

Basi daktari akaeleza kwamba ni saratani ya koo la chakula, kwamba wakati wa upasuaji umepita, kwamba mionzi ya Mombasa pamoja na dripu ndiyo njia anayoipendekeza, na dripu peke yake itasaidia kidogo. Abdiaziz, aliyesikia Kiswahili chote hicho, akachagua dripu peke yake, kwa kuwa mama hatakubali kukaa Mombasa wiki tano bila kuuliza kwa nini. Ramla akamgeukia mama yake na kumwambia kwa Kisomali kwamba ana kidonda cha koo, na daktari atampa maji ya nguvu, na atapona, inshallah.

Ardo aliutazama mfuko wa dawa uliofunikwa kwa plastiki nyeusi. Akauliza ni maji gani hayo yanayoogopa mwanga. Ramla akasema ni ya kizungu.

Hapo ndipo ingekuwa rahisi kusema hadithi hii ni ya ugonjwa. Lakini ugonjwa ulifanya kazi yake kama ulivyotarajiwa, na hauna lawama. Kilichoharibika kiliharibikia mlangoni.

Ardo alikuwa na dada mkubwa mmoja, Hamdi, aliyekaa Chewele. Miaka tisa walikuwa hawajasemezana. Hamdi alifiwa na mwanawe, na Ardo akafika matangani siku ya nne. Matanga ni siku tatu, na dini imeyawekea mpaka wake. Siku ya nne mikeka imekunjwa na masufuria yamerudishwa kwa wenyewe. Ardo alikuwa na ng'ombe anayezaa vibaya, ndama amekaa kombo tumboni, na hakuwa na mtu wa kumwachia. Hamdi alimwangalia akishuka na bakora yake, akasema mbele ya watu: "Kumbe ng'ombe wako ana thamani kuliko mwanangu." Ardo aligeuka na kurudi kwa njia aliyoijia, bila kunywa hata maji. Tangu hapo kila mmoja alipotajiwa mwenzake aliuliza habari za mvua.

Jumamosi ya wiki ya pili baada ya dripu ya kwanza, Hamdi alisimama nje ya nyumba ya Ramla. Alikuwa amesikia sokoni. Sokoni hakuna jina linalofichwa. Alikuja na kibuyu cha samli na nguo aliyoifua kwa ajili ya safari, mwanamke wa miaka sabini na ushee, vumbi la barabara ya Hola likiwa bado kwenye nyusi zake.

"Nimekuja kwa Ardo," alisema. "Nina maneno naye."

Ramla alielewa papo hapo. Mtu aliyekununia miaka tisa hatoki Chewele kuja kukuomba radhi kwa sababu ya kidonda cha koo. Watu wa aina ya Hamdi hupatana na anayeondoka. Akiingia tu, mama ataelewa kabla hata ya salamu. Alimwomba mama mkubwa angoje kidogo, akampigia Abdiaziz simu nyuma ya nyumba. Abdiaziz hakusita. Amrudishe, amwambie arudi mama akipata nafuu.

Kwa hiyo Ramla akaongeza tena. Akasema mama amelala. Akasema daktari amekataza wageni mpaka mwezi uishe. Akasema anaendelea vizuri, na mwezi ujao watakaa pamoja wazungumze yote, inshallah. Alimtolea kigoda na chai, akampa pale pale nje. Hamdi alikunywa nusu. Chumbani Ardo alikuwa macho, akihesabu tasbihi yake, hatua kumi na tano kutoka kwa dada yake.

"Mwambie nilikuja," Hamdi alisema alipoinuka. Ramla akasema atamwambia.

Hakumwambia. Samli aliitia kwenye chai ya mama yake, kwa kuwa vya majimaji ndivyo vilivyokuwa bado vinapita. Ardo alionja, akashusha kikombe, akakaa nacho. Kila upande wafugaji hufukiza vibuyu vyao kwa mti wa kwao, na moshi wake hubaki ndani ya mafuta.

"Watu wa Chewele wamefika sokoni?" aliuliza.

"Wamefika," Ramla akajibu.

Ardo akamaliza chai.

Dripu ya pili ilipita. Ilipofika Alhamisi ya dripu ya tatu, yaani siku ya arobaini na mbili, mama alikuwa amebaki macho na bakora. Daktari Lorna aliziangalia picha mpya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema dawa haikushika. Akasema dripu hazina faida tena, ila kumtesa. Kilichobaki ni kijibomba cha kufungua njia ili aweze kumeza, au mionzi michache ya kutuliza, au dawa ya maji ya maumivu na kukaa nyumbani. Kisha akavua miwani. "Dada Ramla," alisema, "leo naomba umwambie kila kitu nilichosema. Hakuna aliyeniambia yeye mwenyewe anataka nini."

Ramla akaanza kama kawaida yake. Alikuwa amefika kwenye subira, bado hajafika kwenye inshallah, mama yake alipomwinulia kiganja.

"Huyu daktari amesema machache na uso wake umeanguka," Ardo alisema. "Wewe umesema mengi na uso wako haujasogea. Kati yenu, ninayedanganywa naye ni nani?"

Abdiaziz alisema mama apumzike kwanza, waende nyumbani, mambo haya yana wakati wake. Ardo hakugeuka hata kumtazama.

"Abdiaziz, nje kuna kivuli kizuri. Kakae."

Mtu aliyekuwa akipanga bei za makundi ya ng'ombe mia aliinuka akatoka, akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Ramla akasema. Alilitaja jina la ugonjwa, kwa Kisomali, kwa mara ya kwanza katika chumba kile, na akashangaa kuwa ni neno fupi. Akasema ugonjwa umeanzia wapi na umefika wapi. Akasema maji ya nguvu hayakuwa ya nguvu. Akataja njia tatu zilizobaki, moja baada ya moja, na kila alipomaliza moja mama yake aliuliza swali lile lile: hiyo inaponya? Naye akajibu la, mara tatu. Alipofika mwisho alinyamaza. Sentensi ilibaki bila mkia, na kimya kile alikisikia masikioni kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga.

Ardo aliuliza kama kwa kijibomba ataweza kunywa maziwa. Daktari akasema ataweza, kwa muda. Basi akachagua kijibomba, na dawa ya maumivu, na nyumbani. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchagua kitambaa. Swaleha, aliyekuwa akiandika, aliandika huku machozi yakimdondokea kwenye faili, na baadaye alilaumu vumbi.

"Sasa niitieni Hamdi," Ardo akasema.

Ramla alichuchumaa mbele ya mama yake. Halafu akalitoa na hilo. Kwamba Hamdi alikuja. Kwamba alisimama nje. Kwamba alirudishwa, na nani aliyemrudisha. Alitegemea mama yake atapiga kelele, au atainua bakora, lolote lile analoweza mtu kulipokea. Ardo alivaa viatu vyake. Wakarudi nyumbani. Walipofika mlangoni, pale kigoda kilipokuwa, alisimama kidogo.

"Ile samli," alisema. Akaingia ndani.

Walianza kumtafuta Hamdi siku hiyo hiyo. Simu yake ilisema mteja hapatikani, na iliendelea kusema hivyo kwa uvumilivu mkubwa. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Ijara, na watu wa Chewele wenye ng'ombe walikuwa wamehama kuifuata, Hamdi na wajukuu wake wakiwa miongoni mwao. Abdiaziz alikwenda kwa pikipiki mara mbili, na hilo si jambo dogo kwa mtu wa umbo lake. Mara ya kwanza alikuta mazizi matupu. Mara ya pili alikuta majivu ya siku nne, akakaa kando yake. Aliporudi hakuwa tena mtu wa kutoa amri. Tangazo lilisomwa kwenye redio kwa Kisomali, kati ya bei za mbuzi na tangazo la punda aliyepotea: Hamdi wa Chewele anatafutwa na dada yake. Pale alipokuwa Hamdi redio haikushika.

Kijibomba kilipachikwa Mombasa kwa siku moja. Ardo alirudi akanywa maziwa ya ngamia kikombe kizima, akalamba mdomo, akasema Wazungu wana akili za fundi bomba. Hiyo ilikuwa siku yake nzuri. Siku zilizofuata alizitumia kama mtu anayehama kambi, akifunga hiki na kuacha kile. Aligawa mbuzi wake kwa majina yao. Alimwita jirani ambaye yeye aliwahi kumwita mwizi wa maji, akamtaka radhi. Alimwita Swaleha, akamwambia kwamba siku zote alipokuwa akimsema kwa Kisomali mbele yake, hakuwa akimsifu. Swaleha akamjibu kwa Kiswahili, Ramla akitafsiri neno kwa neno: "Bibi, mie nilikuwa nikikujibu kwa Kipokomo. Tumelipana." Ardo akacheka mpaka akashikilia kifua.

Kwa Hamdi kilichobaki ni kuacha ujumbe. Aliupanga siku mbili, na siku ya tatu akamwita Ramla akae karibu.

"Mwambie nilikosea siku moja," alisema. "Matanga ni siku tatu. Mimi nilifika ya nne. Siku moja hiyo naomba anisamehe. Zile tatu za mwanzo nilikuwa na ng'ombe anayekufa mikononi mwangu, na akafa, na ndama akafa. Hizo siziombei radhi."

Ramla akangoja. Akauliza kama hataki amwambie dada yake neno jingine. Kwamba alimkumbuka. Kwamba alilia. Ardo angekuwa akilia wakati huo, Ramla asingeuliza. Macho ya Ardo yalikuwa makavu.

"Usiongeze," Ardo akasema.

Alifariki Jumatano, baada ya adhuhuri, wiki tatu kasoro siku moja tangu aambiwe ukweli. Akazikwa kabla ya magharibi. Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na kliniki ilifunguliwa kama kawaida bila mtu wa kusimama katikati. Swaleha alijaribu kwa mikono. Muorma mmoja alielewa kwamba anatakiwa avue shati, akavua na suruali.

Siku tatu za matanga zilikwisha. Hamdi hakutokea. Habari zilimfikia njiani, anarudi na ng'ombe, ng'ombe hawaachwi njiani. Ramla hakusikia hayo kwa mtu. Alipofika Chewele siku ya tisa aliyaona mwenyewe: kundi lililokonda, kwato zilizopasuka, na mama mkubwa ameketi juu ya ngozi mbele ya nyumba yake, miguu imefungwa vitambaa.

Njia nzima alikuwa amepambana na ujumbe ule. Ulikuwa mfupi na mkavu, ujumbe wa mtu anayebishania hesabu, si wa mtu anayeaga dunia. Kazi yake ya miaka minane ilikuwa kuchukua maneno kama hayo na kuyatia samli. Angeweza kusema: alilitaja jina lako mwisho. Nani angejua? Angeweza kusema alikulilia. Mwanamke yule mzee angelala vizuri usiku huo, na Ramla pia. Alikuwa na sentensi tatu tayari, nzuri zote.

Walisalimiana. Hamdi alipokea rambirambi na akatoa zake. Kisha akasubiri.

"Ameacha neno kwako," Ramla alisema. Akalisema kama alivyopewa: siku moja, ya nne, naiombea radhi. Zile tatu siziombei. Ng'ombe alikufa, na ndama akafa. Akafunga mdomo.

 Kitu kilisogea kwenye uso wa Hamdi, kikapita.

"Na wewe umetia nini hapo?" aliuliza. "Nasikia kazi yako ni kuongeza."

"Sikutia kitu, mama mkubwa."

"Naona. Ungetia ningelijua. Ardo huyo, akiwa kaburini bado anapima." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka, mara moja, kwa nguvu, kama anayefuta vumbi. "Hakuniambia ng'ombe alikufa. Miaka tisa. Ningejua alikufa…" Hakuimaliza. "Siku yake moja nimempa. Mungu ampe yeye zaidi."

Ramla akashukuru. Alianza kuinuka.

"Kaa," Hamdi alisema. "Yeye alichelewa siku moja. Nikamnyima salamu miaka tisa kwa siku moja. Wewe ulinirudisha Jumamosi. Alizikwa Jumatano. Nimehesabu njia nzima, kwa masiku niliyokamua. Hamsini na tatu. Hamsini na tatu alikuwa hai, anaweza kusema, mimi naweza kusikia. Ulinipa chai mlangoni."

Hakuinua sauti. Aliyasema kama anayetaja idadi ya mbuzi.

Ramla alitafuta la kusema kwa Kisomali, kisha kwa Kiorma, kisha kwa Kipokomo, kisha kwa Kiswahili. Kote huko alikuta neno moja tu, na alilisema katika lugha ya mama yake.

"Nisamehe."

Hamdi hakumwambia ndiyo na hakumwambia la. Jua lilikuwa limeinama na ng'ombe walikuwa wakilia kwa kujaa maziwa. Aliinuka kwa taabu juu ya miguu yake iliyofungwa, akachukua kibuyu chake cha kukamulia, akafungua ua wa ndama. Mmoja akamponyoka akikimbilia kwa mama yake.

"Shika ndama," alisema bila kugeuka.

Ramla akaacha viatu vyake pale kwenye ngozi, akaenda akamshika.